Kibao Juu ya Mlango wa Bi. Mashavu

Iko nchi, na ukitaka kujua iko upande gani usiniulize mimi, kwa sababu nina watoto na bado nawapenda. Nitakachosema ni kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, ina mvua za kutosha na mawaziri wa kuzidi. Raia wake ni watu wa salamu. Asubuhi mtu anaweza kuchelewa kazini kwa salamu tu, na bosi akiuliza anaambiwa njia ilikuwa na watu, naye hunyamaza, maana hata yeye kachelewa kwa salamu hizo hizo.

Mambo yalianza kunyooka pale Mheshimiwa Mwinyikambi, wakati huo Waziri wa Mambo Mengineyo, alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano. Alifika hotelini bila ujumbe wake, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umepitia madukani kununua viatu. Mhudumu akamwuliza kwa Kiingereza kama ameongozana na mtu. Mheshimiwa alitaka kusema yuko peke yake, akachukua neno lililokuwa karibu, akasema yuko lonely. Wenyeji wale ni watu wa huruma. Haukupita muda akaletewa mchungaji mzee, boksi la karatasi za kufutia machozi na mbwa wa kukodi. Mchungaji alimshika mkono mpaka saa ya chakula. Mbwa alilala miguuni pake mpaka mkutano ulipokwisha.

Mtu mwingine angechekwa yakaisha. Lakini waziri hachekwi. Waziri akichekwa, hutungwa sheria.

"Ndugu wananchi!" alinguruma aliporudi, uwanja ukiwa umefurika. "Tuko huru miaka yote hii, lakini tunaishi kama vipofu! Wenzetu wana alone, wana lonely, wana solitary. Sisi tuna nini? Tuna 'peke yake'! Neno moja, kama suruali moja ya ukoo mzima, anayetoka ndiye anayeivaa! Taifa lisilojua tofauti haliwezi kuendelea, na hata likiendelea halitajua kama linaendelea ama linakwenda tu!"

Watu walipiga makofi sana, maana pilau ilikuwa inagawiwa baada ya makofi.

Ndivyo ilivyozaliwa Wizara ya Tofauti, na Mheshimiwa akawa waziri wake. Kila palipo na maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana, serikali ilichora mstari katikati, na kila raia akatakiwa kusimama upande mmoja. Hospitali zikatobolewa milango miwili, wa kushoto kwa walio sick, wa kulia kwa walio ill. Mzee mmoja alianguka katikati ya milango, na Wapambanuzi, ndivyo walivyoitwa maofisa wa wizara, wakabishana juu yake kwa adabu kubwa mpaka akapona mwenyewe kwa hasira. Mwenye house alilipa kodi ya paa. Mwenye home alilipa ya paa na ya furaha, hivyo mtoza kodi alipopita mke na mume walianza kutukanana kwa sauti, hata wale waliopendana. Mwizi wa mbuzi aliachiwa huru mahakamani kwa sababu mashahidi walikuwa wamefanya see, hawakufanya watch. Methali ya kidole kimoja hakivunji chawa iliondolewa mashuleni, kwani haikueleza kidole hicho ni alone ama lonely.

Mimi sikuona ubaya wowote. Serikali ikishughulika na maneno, inakuwa haijashughulika na wewe. Ndivyo nilivyodhani.

*

Katika nchi hiyo vijana waliosoma hupelekwa mpakani. Sijui huko wanalinda nini, maana nchi jirani nayo imepeleka vijana wake walinde hicho hicho. Mwanaheri, binti pekee wa mjane mmoja aitwaye Bi. Mashavu, alikuwa muuguzi, akapelekwa kwenye zahanati ya mpakani isiyokuwa na wagonjwa, kwa kuwa hakuna watu wanaoishi kule. Alikuwa akiamka, anapiga deki, anajikalia.

Wazazi walilia, Mheshimiwa akasikia. Akatangaza kwamba serikali yake ina moyo: mzazi aliye lonely atarudishiwa mwanawe. Mzazi aliye alone hatarudishiwa. "Alone ni hesabu," alifafanua redioni. "Lonely ni hali. Serikali haiwezi kuhamisha watumishi kwa sababu ya hesabu."

Bi. Mashavu akaomba. Hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka Mwanaheri arudi, basi.

Aliyetumwa kumpima ni Bwana Gaudensi, Mpambanuzi wa Wilaya, mtu mwembamba mpole, aliyetembea na kiti chake cha kukunja. Kiingereza chake alikipata kwenye semina moja iliyokuwa na chai nzuri.

"Unaishi na nani, bibi?"

"Na Mungu."

"Mungu hahesabiwi. Nani mwingine?"

"Sina mwingine, baba. Mume kafa. Mwanangu mmemchukua nyie."

Hapo hapo sauti ikatoka uani: "Mashavu! Njoo, kisamvu kinakauka huku!"

Ilikuwa sauti ya Kidawa, mjane wa nyumba ya pili, shoga yake tangu wote wawili wana meno ya kutosha. Kila alasiri walitwanga pamoja. Huko kisamvu hutwangwa na wawili kwenye kinu kimoja, mmoja anainua mchi mwenzake anashusha, na michi haigongani hata watwangaji wakiwa wanasengenya. Mtaa mzima ulisikiliza. Mapigo yakienda sawa watu walijua kuna amani. Yakipishana vibaya walijua hao wamenuniana, na jioni mtu angepita kuwapatanisha.

Gaudensi aliweka kiti chake chini ya dirisha, akasikiliza kwa makini mpaka kisamvu kikalainika.

"Michi miwili," alisema akikunja kiti. "Pole, bibi. Wewe ni alone, na hata hiyo alone yenyewe ina walakini."

Kidawa alikasirika kuliko mwombaji. Yeye naye alikuwa na mwana mpakani, Hamadi, mlinda kizuizi cha barabara isiyopitwa. Lakini hakujitanguliza.

"Tuanze na wako," alisema. "Mimi wangu ni mwanamume, atavumilia. Ila nimeshaona kinachokuponza, mwenzangu. Kinachokuponza ni mimi."

"Wewe tena?"

"Mimi na mtaa huu. Hatukuachi ukapwaya. Sasa tukikupenda, shoga, itabidi tukuache."

*

Wakamwacha. Sijapata kuona watu wanaofanya jambo baya kwa upendo mkubwa vile.

Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Wanawake walipita mbele ya nyumba yake wakitazama juu kama wanaotafuta mvua, huku wanabana vicheko. Watoto waliokuwa wakikimbilia kumwamkia shikamoo walivutwa masikio. Kidawa, akitoka kumwaga maji, alimkonyeza. Kisha mtu mmoja mwenye akili akasema kukonyeza nako ni kutembeleana, ni kutembeleana kwa jicho, na Gaudensi anaweza kuwa kajificha mahali. Wakaacha kukonyeza.

Dukani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mangi, mwenye duka, alimwuzia chumvi kwa vidole, asije akamharibia mtihani kwa kumsemesha. Siku moja Bi. Mashavu alitaka kusema asante, sauti ikatoka imepasuka, akashtuka, akageuka nyuma kuona ni nani aliyesema. Alikuwa yeye. Hakuwa ameitumia kwa muda mrefu.

Kupika ndiko kulikomtesa zaidi. Mkono wake ulikuwa umezoea kupima wali wa mtu na mgeni asiyetazamiwa, na hakuna aliyewahi kumfundisha kupima wa mtu mmoja. Kila siku ulibaki. Kila siku aliufunika kwa sahani, akauweka, akijiambia labda atapita mtu, ingawa alijua hatapita, maana yeye mwenyewe alikubali wasipite.

Alasiri alimsikia Kidawa upande wa pili wa ukuta akitwanga peke yake. Pu. Halafu kimya. Pu. Bi. Mashavu alijua kwa sauti ile kwamba bega la kulia la Kidawa limeanza tena kuuma, na kwamba hakuna aliyemkanda. Akakaa akisikiliza mpaka ikamshinda. Akavuta kinu chake mwenyewe, kikiwa kitupu, akachukua mchi, na Kidawa aliposhusha, yeye akainua, na Kidawa alipoinua, yeye akashusha. Pu kwa pu, ukuta katikati. Kidawa alisita kidogo. Kisha akaendelea, kwa kasi ya zamani, na wote wawili wakatwanga wakilia na hakuna aliyemwona mwenzake.

Bwana Gaudensi aliwasikia, kwa bahati mbaya.

"Hapana, bibi, bado," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Hii siyo lonely. Hii tunaiita solitary. Solitary ni mtu aliye mbali na watu, lakini moyo wake bado una wageni. Umepiga hatua, usikate tamaa. Wengi hawafiki hata hapa."

Siku ile Bi. Mashavu akakiinamisha kinu, mdomo chini. Kidawa naye, alipoona ng'ambo kumenyamaza, akawa ananunua kisamvu kilichokwisha kutwangwa.

*

Gaudensi alirudi baada ya mvua. Alimkuta mjane ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, hakufua, hakupika, hakuwasha redio. Aliuliza maswali yake yote. Hakujibiwa hata moja. Akatafuta harufu ya chakula cha watu, nyayo za watu, kikombe cha pili. Hakuna. Akatikisa kichwa, maana kimya peke yake hakikutajwa kwenye semina, akakunja kiti, akaelekea mlangoni.

"Usiondoke kwanza," Bi. Mashavu akasema.

"Kuna nini, bibi?"

"Hakuna kitu. Kaa kidogo. Hata usiseme neno, kaa tu hapo."

Gaudensi akapiga makofi kwa furaha. "Lonely!" alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe, bibi! Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingesumbuana!" Akaondoka mbio kwenda kutoa taarifa, na hakukaa.

Sherehe ya kutundika kibao ilifana. Kilikuwa kibao cha bati, rangi ya samawati, LONELY kwa herufi nyeupe, kikakazwa kwa skrubu nne juu ya mlango. Bendi ya polisi ilipiga. Mheshimiwa Mwinyikambi alikuja mwenyewe, akahutubia viti mia tano ambavyo havikukaliwa na mtu, kwani majirani wangekaa kibao kingekuwa cha uongo. Walisimama mbali kwenye kona, wakipunga mikono mifukoni.

"Hongera, Bi. Mashavu!" Mheshimiwa alipaza sauti. "Wewe ndiye mpweke wa kwanza wilayani kutambuliwa kisheria! Na hutakuwa peke yako! Wapweke wenzako wako njiani!"

Hilo lilikuwa kweli. Wenye watoto mpakani walikiona kibao, wakaelewa. Mtaa kwa mtaa watu waliacha kutembeleana, wakafunga milango, wakajizoeza. Njia zikawa nyeupe, kila mtu akawahi kazini. Wizara ikatangaza kwamba upweke sasa unastawi kuliko pamba.

*

Mwanaheri alirudi. Aliteremka na sanduku lake, akakimbia njia nzima, akafika kizingitini. Gaudensi alikuwa amesimama hapo.

"Karibu nyumbani, dada. Lakini usiingie."

"Nisiingie kwa mama yangu?"

"Umerudishwa kwa sababu mama ni lonely. Ukiingia, mama hatakuwa lonely. Asipokuwa lonely, sababu ya wewe kurudi haipo, itabidi urudi mpakani. Ni mantiki, dada yangu, usinichukie mimi."

"Shikamoo, mama!" Mwanaheri alipiga kelele juu ya bega la Gaudensi.

Bi. Mashavu alikuwa na marahaba mdomoni. Akaimeza.

Binti akapewa kitanda kwenye bweni la wauguzi, na kazi kwenye mlango wa ill. Kila asubuhi alipita upande wa pili wa barabara na sare yake nyeupe, na mama alikuwa dirishani, maana sheria haikutaja madirisha. Hawakusalimiana. Mama alihesabu hayo kuwa bora kuliko mpakani, na kwa muda alijaribu kushukuru. Alimwona mwanawe amevaa viatu vipya. Alimwona ana mafua. Alimwona amesuka nywele, akataka kumwuliza ni nani aliyemsuka, kwa sababu zilikazwa mno kwenye paji. Kisha akaona sare inampwaya, leo zaidi ya juma lililopita, na kitu hicho kilimshinda.

Ilikuwa Ijumaa mchana, jua kali, barabara tupu.

"Mwanaheri!" aliita kwa nguvu zake zote. "Umekula?"

Binti alisimama katikati ya barabara. "Sijala, mama."

"Njoo ule."

"Kibao, mama!"

"Kibao hakiliwi. Njoo."

Akaja. Gaudensi naye akaja, kwa kuwa mayowe yale yalifika hata ofisini, akiwa na bisibisi mkononi. Lakini katika nchi hiyo mtu aliye kwenye sahani hasumbuliwi. Hata siku ya mapinduzi, askari walimsubiri rais anawe mikono. Gaudensi akafungua kiti chake, akakaa nje, akangoja.

Kwa hiyo walikula polepole. Ulikuwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, wa mtu na mgeni, na kwa mara ya kwanza kipimo kilikuwa sawa. Mama alichambua miiba kana kwamba mwanawe bado mdogo. Mwanaheri alimweleza habari za mpakani, jinsi alivyokuwa akijisalimia mwenyewe asubuhi ili asisahau. Wakacheka. Wali ulipoisha wakala ukoko. Ukoko ulipoisha, mama akakumbuka kuna ndizi, na ndizi ilipokwisha, wakabaki wanalamba vidole vilivyokuwa vimekauka zamani.

"Mama," Mwanaheri alisema, "yule mtu anachomwa na jua."

"Mwache achomwe."

Lakini mikono ilinawiwa mwishowe. Skrubu nne zikafunguka. Gari la wizara likaja, sanduku likapandishwa, na Mwanaheri alishikilia mkono wa mama mpaka dereva akaomba samahani.

"Usikate tamaa, bibi," Gaudensi alisema, kibao kikiwa kwapani. "Gari likikata kona tu, unakuwa na sifa tena. Unaweza kuomba upya."

*

Nyumba iliyotoka mgeni ina kimya chake. Bi. Mashavu hakukiweza. Kesho yake alasiri alijifunga kanga, akatoka, akaenda nyumba ya pili. Hakuwa na kitu cha kumwambia Kidawa. Alitaka kuketi naye tu.

"Hodi!"

Hakuitikiwa.

"Hodi humu ndani!"

Alimsikia Kidawa. Alikuwa karibu kabisa, labda nyuma tu ya mlango. Alimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Ndipo Bi. Mashavu alipotazama pembeni akaona kiti cha kukunja chini ya dirisha, na Bwana Gaudensi amekikalia, sikio ukutani. Zamu ya Kidawa kumwombea Hamadi wake arudi ilikuwa imefika.

"Aa, ni wewe, bibi," Gaudensi alisema, akainuka nusu. "Umekuja kwa mwenye nyumba hii? Mnajuana?"

Bi. Mashavu aliutazama mlango. Ulikuwa mlango aliokuwa akiusukuma bila kubisha tangu alipoolewa.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. "Nimepotea nyumba. Huyu simjui."

"Una hakika, bibi?"

"Sijapata hata kumwona."

Gaudensi alifurahi. Akamwambia hilo ni jibu zuri sana, litamsaidia mno mwenye nyumba.

"Najua," Bi. Mashavu alisema, akarudi kwake.